Udumavu Iringa si uzembe wa mama

"Iringa kuna mahindi, maharage, viazi na maziwa. Mtoto akidumaa, mama yake mzembe." Kauli hii nimeisikia hadi kwenye benchi la kliniki, na inaniuma kwa sababu si kweli.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia 30 nchini Tanzania. Iringa ilikuwa takribani asilimia 57. Mkoa unaolisha wengine! Ghala kujaa si sahani ya mtoto kujaa.

Chukua mama wa Kilolo, wilaya mojawapo ya mkoa huo, msimu wa palizi. Anatoka alfajiri. Mtoto wa miezi 10 anabaki na dada yake wa miaka 7 na chupa ya uji wa mahindi mtupu. Mayai na maharage yameshauzwa kulipia mbolea, na aliyepanga hivyo si yeye. Maji ni ya kijito, kuhara kunarudi kila mara, na hicho kidogo alichokula mtoto hakimjengi. Uzembe uko wapi hapo?

Ndiyo maana muuguzi anayesoma mizani na kugomba "mlishe vizuri" hajasaidia kitu. Anayeuliza mtoto anabaki na nani, maji yanatoka wapi, fedha ya mazao anaishika nani, huyo anajua pa kuanzia: amwite baba naye aje kliniki, amwombe mhudumu wa afya wa kijiji aitembelee kaya ile, alifikishe suala la maji kwenye kikao cha kijiji. Na apime urefu pia, maana uzito peke yake huuficha udumavu.