Intaneti haishuki kutoka angani jamani

Kuna watu hapa Dar bado wanaamini intaneti yote inatoka kwenye setilaiti, yaani wingu likitanda tu wanasema ndo maana neti inasumbua. Hapana. Simu yako inaongea na mnara wa hapo Sinza, mnara unashika mkongo (waya wa nyuzi za kioo unaopitisha data), mkongo unaingia baharini, na zaidi ya asilimia 95 ya data za kimataifa zinapita huko chini ya maji, kwenye waya mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani (ndo hivyo, mwembamba kabisa). Kwa upande wetu, mikongo ya baharini ni kama SEACOM, ilifika 2009, na EASSy ikafuata 2010. Mnakumbuka Mei 2024, WhatsApp inazunguka tu picha hazifunguki? Hizo mbili zilikatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, setilaiti hazikuhusika kabisa.