Je, wajua siku za ubaoni huanza kuhesabiwa lini?

Ukiingia Huduma Centre ya Mombasa, Kenya, pale Posta, Digo Road, au ofisi nyingine ya serikali inayoshughulika na magari na leseni, utakuta ukutani ubao wenye safu: huduma, masharti, ada, muda. Ndio mkataba wa huduma kwa wananchi, na chini yake mara nyingi pameandikwa "Huduma bora ni haki yako". Wengi husoma safu ya muda tu, wakaanza kuhesabu tangu siku waliyofika dirishani. Hapo ndipo hesabu inapopotea.

Safu ya muda imefungwa na safu ya masharti. Saa huanza kwenda siku faili inapokamilika: stakabadhi zote zimo, ada imeingia, na kila mhusika amefanya lake.

Chukua tuktuk inayouzwa Kongowea. Anayeanzisha uhamisho wa umiliki ni muuzaji, kwenye akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mnunuzi naye lazima aingie akaunti yake akubali. Asipokubali, ombi limelala, na hakuna karani aliyelichelewesha. Hitilafu nyingine ni ndogo kwa macho lakini zinaumiza: jina la kitambulisho halilingani na la PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, tarakimu moja ya chesisi imekosewa, au chombo kilinunuliwa kwa mkopo na jina la benki bado limo kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki. Hiyo ya mwisho haitatuliwi dirishani. Benki yenyewe ndiyo itoe jina lake kwanza. Wakati huohuo Sheria ya Trafiki hairuhusu chombo kilichohamishwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Ndiyo maana kukagua namba ya chesisi na namba ya injini kabla ya kutoa pesa ni bora kuliko kukimbizana na ofisi baadaye.

Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, paybili 222222. Ukiambiwa utume kwa simu ya mtu, usitume. Pesa hizo hazifiki kwenye faili yako, na faili bila ada haijakamilika.

Basi uliza swali moja kabla ya kuondoka dirishani: "Faili yangu imekamilika?" Ukijibiwa ndiyo, andika tarehe, namba ya ombi na jina la aliyekuhudumia. Ukijibiwa la, omba utajiwe yote yaliyopungua kwa mara moja. Kuambiwa leo kikosekanacho kimoja na kesho kingine ndiko kunakomla mtu nauli ya kutoka Likoni mara tatu, na ni kosa la ofisi kwa sababu masharti yote yanapaswa kuwa ubaoni tangu mwanzo.

Muda ukipita na faili ilikuwa kamili, lalamika kwa maandishi kwa mkuu wa ofisi hiyo kwanza. Usipojibiwa, nenda Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa pia Ofisi ya Ombudsman. Mawasiliano yake kwa kawaida yako chini ya ubao uleule. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya uamuzi wa haraka na wa haki, na sababu za maandishi ukiathirika. Sheria ya Utawala wa Haki ya 2015 inaongeza makali: kesi ikifika mahakamani na ofisi ilikataa kutoa sababu, uamuzi wake huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vingine.

Kama shida yako ni kujua tu faili imekwama wapi, omba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, na sheria yenyewe inakuruhusu uliandike kwa Kiswahili.