Kuripoti Si Kuchongea

Dhana: Anayeripoti ni mbeya.

Mchongezi huchukua neno la faragha akalipeleka kwa asiyehusika. Anayeripoti anamwonyesha msimamizi (admini) matusi ambayo mtu ameyaandika mwenyewe, katika kundi la mtandaoni, mbele ya wote. Siri iko wapi? Na ukichunguza, anayewahi kuwaita wenzake wambeya mara nyingi ni yuleyule aliyetukana.

Dhana: "Mwingine atakuwa ameshairipoti."

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Machi 15, 2019, muuaji wa Christchurch, New Zealand, alirusha mauaji ya msikitini moja kwa moja kupitia Facebook. Kampuni hiyo ilieleza kwamba watu wasiofika 200 waliyatazama yakirushwa, na hakuna hata mmoja aliyeripoti wakati huo. Ripoti ya kwanza kutoka kwa mtumiaji iliingia dakika 29 tangu video ianze, dakika 12 baada ya matangazo kwisha. Nakala zilikwishaanza kusambaa. Ndani ya saa 24 Facebook ilisema imeondoa zipatazo milioni 1.5.

Pengine baadhi ya waliotazama walikuwa washabiki wa muuaji. Lakini mtu mwema naye huganda. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley waliwaketisha watu chumbani wakijaza fomu, kisha moshi ukaanza kupenya ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliowekwa na watu wawili waliopangwa kujifanya hawajali, ni mmoja tu kati ya 10 aliyeinuka. Wengine walikohoa, wakapikicha macho, wakaendelea na fomu. Kundi la watu mia mbili ambamo mmoja anatukanwa na wote wako kimya ni chumba hichohicho.

Dhana: Ripoti zikiwa nyingi, mtu ataondolewa tu.

Ndiyo maana utasikia "jamani, tumripoti wote." Facebook yenyewe inasema idadi ya ripoti haiamui. Kinachosaidia ni maelezo. "Huyu mtoeni, hana adabu" inamwacha admini akipekua jumbe mia tatu asijue anatafuta nini. Linganisha na hii: "Jana saa 3:40 usiku, kwenye mjadala wa ajira, amemwita mwenzetu mbwa mara mbili. Alipoambiwa aache, akaanika namba ya simu ya huyo mwenzetu." Hiyo inahakikiwa kwa dakika mbili. Na kuripoti kwa chuki kuna gharama yake: sheria ya Umoja wa Ulaya ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inayataka majukwaa yasimamishe kwa muda kushughulikia ripoti za mtu anayeleta mara kwa mara madai yasiyo na msingi wowote.

Dhana: Atajua ni mimi.

Instagram haitaji jina lako, isipokuwa kwa malalamiko ya hakimiliki na mengine ya aina hiyo. Ukiripoti WhatsApp, kampuni hupokea jumbe tano za mwisho ulizotumiwa na mtu huyo, naye haarifiwi. Ila tusidanganyane: kama mlikuwa wawili tu kwenye mazungumzo, atakisia. Na admini wa kundi dogo ni binadamu, anaweza kuropoka.

Dhana: Nikimblok yamekwisha.

Yamekwisha kwako. Yeye amehamia kwa anayefuata.

Dhana: Hifadhi ushahidi kila mara.

Kwa kawaida ni kweli, maana jumbe hufutwa upesi. Piga picha ya skrini. Picha za ngono za watoto ni jambo jingine kabisa. Usihifadhi, usimtumie yeyote, hata kwa nia ya kumtahadharisha, kwa sababu katika nchi nyingi kuwa nazo tu ni kosa la jinai. Ripoti palepale zilipo, kisha toa taarifa polisi.

Dhana: Admini akiwa ndiye mkosaji, hakuna pa kwenda.

Ripoti unayoituma kwa WhatsApp yenyewe haipitii kwake.