Anayependa filamu za kutisha hana roho ngumu

Ukisema mbele za watu kwamba filamu unazozipenda ni za kutisha, kuna atakayekuuliza kwa utani kama usiku unapata usingizi. Mwingine hatauliza kitu. Atakutazama tu, kama mtu aliyekumbuka ghafla kuwa visu vya jikoni havijafungiwa. Anayependa filamu za mapenzi hahojiwi, wala wa vichekesho. Nimekaa kizimbani miaka mingi kwa kosa hili, basi leo nijitetee, ingawa si kila nitakachosema kitanisaidia.

Shtaka la kwanza ni kwamba sisi hatuogopi. Hili ndilo lililoenea kuliko yote, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Asiyeogopa atafuata nini kwenye filamu ya kutisha? Ataona watu wanakimbia na kupiga kelele, basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliwavalisha watu vipimo vya mapigo ya moyo, wakawapitisha kwenye jengo la burudani ambamo waigizaji hujificha na kuwarukia wageni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa raha haipandi sambamba na hofu mpaka mwisho. Hupanda hadi mahali fulani, na hofu ikizidi hapo, raha huanza kushuka. Ni habari ya chumvi: ikipungua huli, ikizidi huli. Kinachotutofautisha mimi na wewe ni kipimo, si kwamba mmoja wetu ana moyo wa jiwe.

Watafiti haohao walikuwa wameona jambo jingine mwaka mmoja kabla. Baadhi ya wageni walifanya juhudi ya kujiongezea hofu, wengine walihangaika kuipunguza, na pande zote mbili zilitoka zimeridhika. Mimi ni wa kupunguza. Na siku hizi sizibi macho, naziba masikio, kwa sababu nimegundua kwamba ninachokiogopa hasa ni sauti. Mwongozaji Alfred Hitchcock alikusudia mauaji ya bafuni katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960 yasiwe na muziki wowote. Mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, akautunga hata hivyo, kwa vyombo vya nyuzi peke yake, na mwongozaji alipousikia akakubali kuwa alikosea. Jaribu kulitazama tukio lile bila sauti. Utaona mwanamke, pazia na maji.

"Wanapenda damu hao." Wapo, siwezi kukana, na zipo filamu zilizotengenezwa kwa ajili yao. Binafsi hunichosha kabla hazijanitisha. Lakini damu siyo msingi wa aina hii ya filamu. Katika Psycho hiyohiyo, ambayo haina rangi, damu ilikuwa sharubati nzito ya chokoleti. Halloween ya mwaka 1978 iliwakosesha watu usingizi ikiwa na damu kidogo mno. Na Jaws ya mwaka 1975 ilikusudiwa kumwonyesha papa mapema, ila papa wa bandia waliyemuunda alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya bahari. Mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kutuonyesha pezi, mapipa yanayoelea, na ule muziki. Papa haonekani sawasawa mpaka zaidi ya saa moja imepita. Ubovu wa mtambo ndio uliotufanya tuogope kuogelea.

Kuna wanaosema filamu hizi huharibu akili. Mwanzoni mwa janga la Korona mwaka 2020, watafiti waliwahoji watu kuhusu hali zao, na wapenzi wa filamu za kutisha waliripoti msongo mdogo wa mawazo kuliko wengine. Ningependa kuufanya huo kuwa ushindi wangu, lakini haitakuwa haki: utafiti wa namna hiyo hausemi kama filamu ndizo zilizowakomaza au watu waliokwisha kukomaa ndio wanaozichagua. Na mtoto mdogo ni habari nyingine kabisa. Anaweza kubaki na hofu ya picha moja kwa miaka, kwa hiyo anayewaweka watoto sebuleni mbele ya mazombi asinitaje mimi kama shahidi wake.

Kuhusu madai kwamba ni filamu za bei rahisi, hapo kuna nusu ya ukweli. Paranormal Activity ilipigwa ndani ya nyumba ya mwongozaji mwenyewe kwa takriban dola 15,000, kisha ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Lakini urahisi wa gharama si uduni. The Silence of the Lambs ilizoa Oscar zote tano kubwa mwaka 1992, ya filamu bora ikiwemo. Na wanaosema haya ni mambo ya wanaume wakumbuke kuwa riwaya ya Frankenstein, iliyotoka mwaka 1818, iliandikwa na binti, Mary Shelley, aliyeianza akiwa na miaka 18.

"Kisa cha kweli" ndiyo hila ninayoichukia. The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974 ilitangazwa kama jambo lililotokea. Mhalifu aliyeichochea, Ed Gein, aliishi Wisconsin, si Texas, na hakutumia msumeno wa mashine unaotajwa kwenye jina la filamu. Fargo ya mwaka 1996 nayo hufungua kwa kuapa kuwa ni kweli tupu, na hadithi yake ni ya kubuni.

"Stelingi hafi" nayo tuiache kwa wapenzi wa filamu za mapigano. Katika Psycho nyota aliyewaleta watu ukumbini anauawa kabla filamu haijafika nusu. Sidhani kama nimemharibia mtu utamu. Mmekuwa na zaidi ya miaka 60 ya kuitazama.

Hata ule ukuta kati ya kicheko na hofu ni mwembamba. Zote mbili huishi kwa kumchelewesha mtazamaji, kumwacha ajaze mwenyewe, kisha kumwachilia kwa wakati wake. Ukikosea kwa sekunde mbili, hacheki mtu na hashtuki mtu. Ndiyo maana Jordan Peele, aliyejulikana kwa vichekesho, aliweza kuingia na Get Out mwaka 2017 na kuondoka na Oscar ya uandishi.

Filamu ninazoshindwa mimi ni za majonzi. Mbwa akianza kukohoa dakika ya kumi, nazima. Dada yangu, ambaye hata trela ya filamu ya kutisha haimalizi, huzitazama za wagonjwa wa saratani tatu mfululizo, hulia mpaka pakiti ya tishu ikaisha, halafu hugeuka na kuniuliza mimi kama niko sawa.