Kiwiko kwanza, mifupa baadaye

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza animesheni ya pande mbili huwa na haraka ya kufika kwenye mifupa. Programu ya animesheni, Moho au Spine, imeshafunguliwa, katuni imeshaingizwa, wanataka ipunge mkono leo hii. Mimi huwarudisha kwenye mchoro. Rigi, yaani ile mifupa na viungo tunavyomvika mhusika ili asogee bila kuchorwa upya kila fremu, mara nyingi huharibika hata kabla programu haijafunguliwa.

Chukua mkono. Uchore vipande vitatu, kila kimoja kwenye leya yake, yaani tabaka lake: bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo, kisha kiganja. Kwenye kiwiko usikate kwa mstari ulionyooka. Malizia kila kipande kwa mviringo, miviringo yote miwili iwe na upana uleule na ilaliane barabara. Pivoti, ile nukta ambayo kipande huizunguka, iweke katikati hasa ya mviringo huo. Hapo mkono ukikunjwa, ukingo wa kiwiko unabaki vilevile. Pivoti ikienda pembeni kidogo tu, utaona pengo upande mmoja na nundu upande wa pili. Wino wa nje nao una visa vyake: ukiuacha uzunguke ncha ya kipande cha juu, unaonekana kama kovu katikati ya kiwiko. Ufute hapo vipande vinapolaliana, au ufunike kwa kiraka cha rangi ya ngozi kisicho na wino.

Ukoo wa mifupa hauna mambo mengi: nyonga ndiyo mzazi wa wote, yaani mifupa mingine yote imeunganishwa chini yake. Kwa miguu tumia IK (inverse kinematics), ambapo unashika wayo na programu inalikunja goti yenyewe. Bila hivyo, mhusika akichuchumaa nyayo zinateleza. Mikono huwa naizungusha kuanzia begani, isipokuwa akiegemea meza; hapo nayo huipa IK.

Kwenye midomo ndiko Kiswahili kinakotupa nafuu. Rhubarb Lip Sync, programu inayosikiliza sauti na kupanga maumbo ya mdomo, ni ya bure, lakini kwa kawaida husubiri Kiingereza. Ukiipa sauti ya Kiswahili, ibadilishe isikilize kwa fonetiki. Sentensi fupi mimi hupanga kwa mkono. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, basi fuata irabu: maumbo matano, ongeza mdomo uliofumbwa wa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Katika “mbona umechelewa”, fumba kwenye mb na m, w ikope umbo la u, na zile e tatu zisichapwe mara tatu. Acha mdomo wazi, upungue na kuongezeka kidogo. Kwa fremu 24 kwa sekunde, mdomo uliofumbwa upe angalau fremu mbili, tena uanze kabla kidogo ya sauti. K, g na h zipite tu.

Umbo la ulimi kati ya meno, la th na dh, hulichora kwa mhusika atakayevutwa karibu na kamera. Akiwa mbali halionekani.