Ruzuku ya pamba Texas: kulipwa kwa ekari zilizo kwenye jalada

Mkulima wa Bariadi akisikia ruzuku, anawaza mbegu, dawa ya kupulizia na mbolea ya bei nafuu. Mwenzake wa kaunti ya Dawson, Texas, kwenye nyanda kavu za kusini mwa mji wa Lubbock, anawaza fedha taslimu kwenye akaunti. Na fedha hizo, jambo linaloshangaza wengi, hazihesabiwi kwa pamba aliyovuna mwaka huo.

Zinahesabiwa kwa ekari za msingi. Hizi ni ekari zilizoandikishwa kwenye jalada la shamba, katika ofisi ya wizara ya kilimo ya Marekani, kutokana na historia ya pamba iliyolimwa hapo miaka ya nyuma. Ukishakuwa nazo, mwaka huu unaweza kulima mtama au kuacha ardhi ipumzike, malipo yakaja vilevile. Zimeshikamana na shamba: likiuzwa, nazo zinakwenda kwa mnunuzi.

Kinachofungua mlango wa malipo ni bei. Sheria inataja bei rejea ya pamba mbegu, yaani pamba kabla ya kuchambuliwa. Tangu 2018 ilikuwa senti 36.7 za dola kwa ratili (ratili ni kama nusu kilo hivi); sheria ya 2025 imeipandisha hadi senti 42. Wastani wa bei ya msimu ukishuka chini ya hapo, serikali inafidia pengo.

Chukua mfano wa kubuni. Shamba lina ekari za msingi 400. Zinazolipwa ni asilimia 85, yaani 340. Mavuno yaliyoandikwa kwenye jalada ni ratili 1,500 kwa ekari, kwa hiyo ratili 510,000. Bei ya msimu ikiwa senti 38, pengo ni senti 4, na malipo ni dola 20,400. Hazifiki haraka: pamba ya 2025 hulipiwa kuanzia Oktoba 2026, wakati ya msimu unaofuata iko shambani tayari.

Ukame ni habari nyingine. Mwaka 2022 wakulima wa Texas waliacha sehemu kubwa ya pamba yao bila kuvunwa. Kilichowabeba hapo ni bima ya mazao, ambayo serikali huchangia ada yake.

Nani anafaidi? Shamba likikodishwa kwa fedha taslimu, anayelipwa ni mpangaji. Lakini mwenye shamba naye anajua kupiga hesabu, na sehemu ya fedha humrudia kupitia kodi ya pango anayomtoza mpangaji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ile picha ya serikali kumsaidia mtu wa jembe inapochuja.

Hata jina "pamba mbegu" lina kisa chake. Brazil iliishtaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ikidai ruzuku hizi zinaangusha bei ya dunia, ikashinda. Sheria ya 2014 ikaiondoa pamba kwenye orodha ya mazao yenye malipo ya aina hii, na mwaka huohuo Marekani ikailipa Brazil dola milioni 300 kuufunga mgogoro. Miaka minne baadaye pamba ilirudi kwenye orodha. Iliyotoka ilikuwa pamba nyuzi, yaani iliyokwisha kuchambuliwa. Iliyorudi ikaitwa pamba mbegu.