Suti za mtumba hazivuliwi maiti

Kila baridi ya Juni inapoingia Mbeya na watu wakaanza kusaka makoti soko la Mwanjelwa, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: suti na makoti ya mtumba yamevuliwa maiti Ulaya, na anayeyavaa hubeba mikosi.

Si kweli. Nguo hizo nyingi hutolewa na watu walio hai, kwenye masanduku ya kukusanyia nguo. Huchambuliwa kwa aina na ubora, hushindiliwa kwenye mabelo, kisha husafirishwa kwa meli. Zipo za marehemu? Bila shaka baadhi, kwa kuwa familia za huko hugawa nguo za mpendwa wao kama sisi tunavyogawa baada ya msiba. Kuzivua maiti ni jambo jingine kabisa.

Nenda sokoni alfajiri belo likifunguliwa. Utaona sweta za watoto, jezi, hata mashati yenye lebo ya bei ya dukani, hayajavaliwa kamwe.

Mkanganyiko unatokana na ile harufu nzito, ambayo ni ya nguo kufungiwa muda mrefu, na jina la zamani la mitumba, "kafa Ulaya". Marufuku ya nguo za ndani za mitumba hapa Tanzania nayo ni ya kiafya, haihusu maiti.

Kinachoniuma ni kijana aliyependeza harusini kwa suti ya mtumba, kisha anadhalilishwa kwa ujumbe huu. Tafadhali usiusambaze. Koti lako lifue kwa maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu, lianike juani, lipige pasi, uvae.